Mahali pa Kushushia Mtumbwi

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kanionya tena. Presha iko juu. Nifanye mazoezi au nimeze vidonge hadi kaburini. Kukimbia sikimbii. Kikundi cha kukimbia hapa Ushirombo ni cha jirani yangu Nestory, na Nestory ana filimbi. Nimenunua mtumbwi mwembamba wa plastiki, umetoka Mwanza. Nitapiga kasia mtoni kila asubuhi, nimuaibishe. Mama Hosiana kauliza nitaushushia wapi. Swali la mke asiyetaka mumewe apone.

Jumanne, 4 Machi
Nimeubeba kichwani hadi kivukoni. Ng'ombe wananywa maji pale. Wachungaji wakawaacha ng'ombe, wakanitazama mimi. Ukingo wote tope. Mtumbwi ukashuka, mimi nikabaki nimezama hadi magotini. Nestory akapita na wakimbiaji wake, akapuliza filimbi. Nimemchoka huyu mtu.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Kutoka kanisani moja kwa moja mtoni, na njaa yangu. Nimepata kona nzuri nyuma ya vichaka. Nikapima kina kwa fimbo. Nikachota mchanga kwenye kopo, nikaulinganishe nyumbani na tope la jana. Nikachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu ili nisipapoteze. Ndipo akatokea Mayala, mchimbaji wa dhahabu, akaniamkia, akauliza natafuta nini. Ningemwambia, Nestory angejua kabla ya jioni. Nikajibu sitafuti kitu, nikaficha kopo ndani ya koti. Akasema sawa, mzee, akaondoka haraka. Mtu mwenye adabu.

Ijumaa, 7 Machi
Kona yangu haipo tena. Mashimo kila mahali, maji yamechepushwa, watu wanaosha mchanga. Mama Mbuke keshafungua mgahawa wa turubai, anauza maharage. Nikauliza kuna nini. Wakasema kuna mzee kapata dhahabu hapa, na kwa jinsi alivyokana, lazima ni nyingi. Nikasema mzee huyo ana bahati yake. Nikarudi, mtumbwi kichwani, shingo inauma.

Mama Hosiana kasema mzee huyo ni mimi. Eti huku kwetu anayesema hatafuti kitu ndiye aliyepata. Hajui mambo ya machimbo. Baba yake alichimba maisha yake yote, lakini hayo hayarithiwi.

Jumamosi, 8 Machi
Kona mpya, mbali, juu zaidi. Fimbo, kopo, kitambaa. Nilipogeuka, umati nyuma yangu, kimya, kwa heshima. Mayala mbele. Wakanipokea mtumbwi bila kuombwa. Kumbe habari za mazoezi yangu zimeenea! Nikawauliza kama wako tayari kuanza. Wakajibu hata sasa hivi, mzee, tuonyeshe tu mahali. Machozi yalinilenga. Nestory naye alikuwemo, filimbi kaiacha nyumbani, ananikwepa macho. Nikamsamehe. Mtumbwi ni mmoja, tutapokezana.

Wote walikuja na sepetu na makarai. Bila shaka ni za kuchongea njia ya kushukia majini. Mimi mwenyewe nisingewaza. Nikawaonyesha mahali.