Shimo Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, Septemba 8

Msumari mmoja. Mmoja! Nilitaka tu kutundika saa mpya sebuleni, Kiende aikute akija. Nilipogonga mara ya tatu, plasta ikaanguka kipande kizima, ukubwa wa sahani ya pilau. Mawe ya ukuta yako nje. Saa nayo imepasuka kioo.

Jioni Kiende akapiga simu kutoka Meru. Babake anakuja Jumamosi kuniona na kuona nyumba, ndipo aseme kama nitamwoa bintiye au la. Mzee Kiambi amekuwa fundi wa plasta miaka arobaini. Hata kanisani hugonga ukuta kwa kidole na kusikiliza. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nilimwambia nyumba hii niliipiga plasta mwenyewe. Ilipigwa na fundi kutoka Kinna, na hata kumsimamia sikumsimamia. Nani alinituma kusema?

Jumanne, Septemba 9

Halake, jirani, ameingia na salaam aleikum yake na kuchungulia shimo kabla sijamwitikia. Akasema nibandue plasta yote iliyolegea, nilowanishe ukuta, nichanganye simiti na mchanga uliochekechwa, nipige, halafu nimwagilie maji siku tatu. Akasema atanisaidia bure. Halake! Yule aliyeniambia mbele ya watu sokoni kwamba mlango wangu umekaa upande. Nikamjibu kwamba sikumwomba. Akacheka, akaenda zake. Hicho kicheko kinaniudhi kuliko shimo.

Mimi nauza miraa. Vijiti na majani tunayotupa pale kibandani ni gunia zima kila siku. Sasa mchanga ni wa nini?

Jumatano, Septemba 10

Nimejaza! Vijiti ndani kabisa, majani juu, nikashindilia kwa mpini wa nyundo. Halafu uji mzito wa unga wa ngano, nikalainisha kwa kadi ya benki. Ukuta ni rangi ya krimu, na mimi nina rangi nyeupe tu. Nikaitia strungi, chai kavu nzito ile ya kutafunia miraa. Imetoka kahawia na inanukia tangawizi. Lakini ukisimama mlangoni na kufumba jicho moja, huoni kitu.

Nikampigia picha Kiende, nikamtumia. Akauliza kwa nini namtumia picha ya ukuta mtupu. Ushindi!

Alhamisi, Septemba 11

Sisimizi. Msafara kutoka mlangoni hadi ukutani, wanatembea kama watu waliotumiwa mwaliko. Nikapuliza dawa. Kiraka kikalowa, kikatoa kitambi. Nimekifunika kwa kalenda.

Halake akapita, akauliza mbona nimetundika kalenda ya mwaka juzi. Huyu mtu hana kazi?

Jumamosi, Septemba 13

Wueh. Sijui nianzie wapi.

Mzee Kiambi alifika saa nne na Kiende. Akaketi, akanywa chai, akasifu hata mlango. Moyo ukatulia. Kisha akasimama, kikombe mkononi, akaanza kugonga kuta. Wa kwanza, ko ko. Akaridhika. Wa pili, akaniuliza nilitumia madebe mangapi ya mchanga kwa mfuko mmoja wa simiti. Nikasema ya kutosha. Akaelekea kwenye kalenda. Nikamwomba arudi aongezewe chai. Akakataa.

Hapo ndipo mbuzi wa Umulkheir, mke wa Halake, akaingia. Mbuzi wa Isiolo wanaijua miraa kuliko wateja wangu. Hakutazama mtu. Alipanda kochi, akasimama kwa miguu ya nyuma, akararua kalenda, akaanza kula ukuta. Kula! Alivuta kijiti kimoja, na bonge zima likaporomoka ndani ya kikombe cha Mzee. Nikasema huo ni mtindo mpya wa plasta. Haki ya Mungu, hayo ndiyo maneno yaliyonitoka.

Mzee akachomoa kijiti kwenye chai, akakinusa, akauliza kama ni miraa ya kangeta au ya giza. Hakuwa anatania. Halake akaja kumchukua mbuzi, mkono mdomoni, mabega yakicheza.

Kiende hakucheka. Aliniuliza, mbele ya babake, kwa nini sikusema tu kwamba plasta imeanguka. Machozi yalikuwa yanamlenga. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Jumapili, Septemba 14

Kiende amepiga. Amembembeleza babake njia nzima hadi Meru, na Mzee amekubali kurudi Jumamosi ijayo, mara ya mwisho. Hataki uzuri. Anataka shimo lizibwe kwa simiti na kwa mkono wangu, hata likikaa vibaya. Kiende akasema niende kwa Halake nimwombe anifundishe, na kwamba hatanitetea tena. Sauti yake ilikuwa chini sana. Nampenda huyu msichana, jamani, hata kula sijaweza tangu jana. Nikamwapia kwamba mchanga nimeshauchekecha.

Sijauchekecha. Niende kwa Halake anicheke tena? Nimekaa, nimewaza, nimeliona kosa. Kosa ni miraa! Ningejaza kitu ambacho mbuzi hali, saa hii ningekuwa napanga harusi. Nimepata katoni nne nyuma ya duka, ngumu, safi kabisa. Nimezianika nje zikauke vizuri.

Saa kumi. Nimetoka kuzichukua na zimebaki mbili, moja imeng'atwa kona. Mtaa huu una mwizi wa katoni, na nina hakika ni Halake.