Kibao Shingoni mwa Mwalimu

Jumatatu, 14 Julai 2025
Namshukuru Mungu kwa kunipa akili. Ijumaa afisa elimu anatoka Ikungi kuja hapa Sepuka kutazama vipindi vya Kiingereza, kisha atateua mkuu wa idara ya lugha hapa shuleni. Ni mimi au Mwalimu Severina. Severina! Anawaacha Kidato cha Kwanza wajadiliane kwanza kwa Kinyaturu, lugha ya nyumbani, ndipo wajibu kwa Kiingereza. Eti mtoto asianze sekondari kwa kuionea haya lugha ya kwao. Maneno ya semina hayo. Mimi nimechonga kibao: atakayesema Kinyaturu atakivaa shingoni mpaka amnase mwingine. Nimetangaza paredi. Kwa mbwembwe nikaongeza kwamba sheria inanihusu hata mimi. Wakapiga makofi. Watoto wazuri.

Jumanne, 15 Julai
Darasa kimya! Damari wa Kidato cha Kwanza alikivaa asubuhi kwa kumwomba jirani kalamu kwa Kinyaturu. Hakumtaja mwenzake yeyote, wala hakuinua uso siku nzima. Severina kasema nimemwaibisha mtoto. Nikamjibu kuwa wivu haumfai mwalimu.

Jumatano, 16 Julai
Balaa! Mama mkwe kaja shuleni na jogoo, shukrani ya kumwezekea jiko. Kiswahili hajui. Na mkwe hasalimiwi kwa mkato. Nikachuchumaa palepale, macho chini, nikamsalimia kwa Kinyaturu: nyumbani, wajukuu, mbuzi, alizeti. Dakika kumi. Kuinuka, Kidato cha Kwanza chote kiko madirishani. Damari akaniletea kibao kwa mikono miwili, kapiga goti. Ana adabu, nashukuru.

Alhamisi, 17 Julai
Nimeshindwa kumnasa mtu. Nimejibanza nyuma ya choo mapumziko mawili. Kikohozi tu. Hata mpira wanacheza kimya. Nikamwangushia mwanafunzi Naftali mjusi mgongoni, labda apige yowe kwa Kinyaturu. Akanishukuru kwa Kiingereza! Nimemwomba mkuu wa shule, Mama Scholastika, anivue. Kasema sheria niliitunga mwenyewe.

Ijumaa, 18 Julai
Afisa kanikuta na kibao. Kauliza darasa, kwa Kiingereza, kosa langu ni nini. Kimya. Si niliwafundisha mimi! Cheo nakiona kinaondoka. Severina, aliyekaa nyuma, akawaambia wanong'onezane kwanza kwa Kinyaturu. Wakanong'ona. Damari akasimama. Kwa Kiingereza, polepole, akaeleza kuwa mwalimu hana kosa, alimheshimu mama mkwe, na haifai mtu kuaibishwa kwa lugha anayotumia kuwasalimia wakubwa wake. Yule yule niliyemwaibisha! Nililia mbele ya afisa, nasema wazi. Damari akanivua kibao mwenyewe. Cheo kapewa Severina. Nimempongeza kwa moyo wote, au karibu wote.

Jumapili, 20 Julai
Nimetoa shukrani kanisani: kwa Damari, kwa Severina, kwa mama mkwe. Macho yamefunguka. Kumbe siri ni Kinyaturu! Severina atashangaa. Yeye anaruhusu tu, mimi nalazimisha. Kuanzia kesho kila mjadala darasani kwangu ni kwa Kinyaturu, na asiyekijua hafungui mdomo. Atakayeguswa ni Miraji peke yake, Mgogo wa Manyoni aliyehamia mwezi huu. Nimeshamtengea kiti cha nyuma kabisa, akae kimya mpaka ajifunze. Atanishukuru.