Vita vya Bernadina wa Baray na Mvua ya 999

Sogeeni, enyi watu wa Rhotia na Endabash, enyi wa Oldeani mnaochuma kahawa, nanyi mnaochunga juu ya ukingo wa kreta. Zimeni redio, mwacheni mbwa abweke, mkae. Nasimulia vita vilivyopiganwa Karatu mjini siku ya Jumatano, katika ukumbi wenye feni tatu ambazo moja tu ndiyo izungukayo, vita ambamo hakikumwagika kitu ila soda moja ya chungwa, na ambamo kata nzima iliponea chupuchupu kuzamishwa na gharika ambayo hakuna aliyeiona.

Shujaa wa habari hii ni Bernadina wa Baray, mkulima wa vitunguu, mama wa watano, Msoma Mvua wa kujitolea, ambaye kwa miaka sita, kila asubuhi saa tatu kamili, ameinama mbele ya kipima mvua kilichosimikwa nyuma ya zahanati, akasoma maji kwa milimita na kuyaandika daftarini. Waliompa daftari walimpa na sheria: siku asiyopima aandike 999, ili wajue kwamba siku hiyo haina habari. Naye aliitii. Mwaka jana aliandika 999 mara kumi na tano: siku nne za malaria, siku tano za msiba wa mama mkwe kule Mbulu, na siku sita ambazo faneli ya kipimo ilikuwa mdomoni mwa fisi, au popote fisi alipoona vema kuiacha.

Basi ukaja mwito wa mradi mmoja wa maji: wasoma mvua kumi na wanne wa Karatu na Ngorongoro wakusanyike mjini, wafundishwe kwa siku tatu namna ya kuiamuru kompyuta. Bernadina akapanda lori la vitunguu, akashuka akinukia mzigo wote, akaketi mbele ya kompyuta mpakato aliyogawiwa pamoja na Parmuat wa Ololosokwan, mchungaji mrefu mwenye maneno machache, ambaye daftari lake halikuwa na 999 hata moja. Maana yeye hata alipougua alijikongoja hadi kwenye kipimo, akasoma, kisha akaanguka.

Siku ya kwanza ilimezwa na mgeni rasmi. Alisubiriwa saa mbili, akafika saa tano, akahutubu juu ya akili bandia na uchumi wa kidijitali kwa muda unaotosha kuivisha makande, akapigwa picha kando ya kompyuta iliyozimwa, akaondoka. Ndipo aliposimama mwezeshaji, Filbert, Filbert mwenye slaidi mia mbili na kumi, Filbert ambaye kitambulisho hakikumtoka shingoni hata alipokuwa akinawa. Lakini tumpe haki yake: alifundisha. Aliwaonyesha neno “if”, akasema ni “kama” yetu hii hii. Kama jambo ni kweli, fanya hivi, kama sivyo, pita. Akawaonyesha “while” na “for”, maneno yanayoiamuru mashine irudie kazi ile ile mara elfu bila kulalamika wala kuulizia chai. Lugha yenyewe, akasema, ina jina la chatu. Parmuat akasogeza kiti nyuma kidogo.

Siku ya pili, baada ya sambusa, Filbert akaangaza jedwali ukutani, akapanua mikono.

“Mabibi na mabwana,” akanena, “hili ndilo tunda la jasho lenu. Mradi utachimba malambo mawili, na yatakwenda kwenye vituo viwili vyenye mvua haba kuliko vyote. Ololosokwan inaongoza kwa ukame, nawapongeza. Barua inakwenda Arusha leo saa kumi alasiri.”

Bernadina alianza kusoma juu, akashuka, akashuka tena. Baray ilikuwa chini kabisa, ya kumi na nne: wastani wa milimita 42.5 kwa siku. Aliisoma namba hiyo mara mbili. Mwaka huo huo watu wa kwao walifukua mchanga wa korongo kwa mikono wakitafuta maji, na mbuzi wake saba walikufa kabla ya Krismasi. Akainuka kwa kishindo hata soda ya jirani ikaanguka.

“Mwalimu,” akasema, “mvua ya namna hiyo, kila siku, mwaka mzima, ingekuwa imetusomba sote hadi Ziwa Eyasi pamoja na kanisa na kengele yake. Mimi ndiye niliyepima. Hayo maji sikuyaona.”

“Mama yangu,” akajibu Filbert kwa upole wa mtu anayemwelewesha mgonjwa, “takwimu hazina huruma wala kabila. Kompyuta imezijumlisha namba zako mia tatu sitini na tano, ikagawanya kwa siku mia tatu sitini na tano. Binadamu husahau, mashine haisahau. Tuiheshimu sayansi.”

“Ilijumlisha na zile 999?”

Filbert akaitazama slaidi kana kwamba jibu lilikuwa limejificha nyuma yake.

“Namba ni namba,” akasema hatimaye. “Mwenye hoja ya kitaalamu aiandike kwa programu. Barua ni saa kumi.” Akaenda kula.

Ilikuwa saa saba na nusu, na ndipo vita vilipoanza. Bernadina aliandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, kama mtu anayepanda mahindi penye mawe. Alianza na “while”: maadamu siku hazijafika mia tatu sitini na tano, rudia. Mashine ikamtupia maandishi mekundu, kwa kuwa alisahau nukta pacha mwishoni mwa mstari. Akaiweka, akabonyeza, na tazama, kioo kikafurika: Siku ya 1, Siku ya 1, Siku ya 1, mstari juu ya mstari bila ukomo, huku feni ya kompyuta ikivuma na mtu wa meza ya pili akihamisha chai yake mbali.

Parmuat akanyoosha mkono, akabonyeza vile vitufe viwili vya kusimamisha walivyofundishwa. Gharika ikakoma.

“Dada Bernadina,” akasema, “umeiambia irudie mpaka siku zitimie, lakini hujaiambia siku ipite. Kwake yeye bado ni Januari mosi.”

Bernadina akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike mjini. Akaiacha “while”, akashika “for”, ambayo hupita siku moja moja yenyewe na hukoma zikiisha. Ndani yake akamsimamisha “if” kama mgambo mlangoni: kama mvua si 999, ijumlishe. Chini yake akaweka mstari wa kuhesabu siku. Akabonyeza. Ikatoka 1.48.

Namba hiyo ilikuwa tamu. Kwa namba hiyo Baray ilikuwa kame kuliko alivyothubutu kutumaini, na saa ya ukutani ilisema saa tisa na nusu. Ingemtosha kuinuka na kuipeleka. Lakini aliikodolea macho, maana alikuwa ameuona ule mstari wa kuhesabu siku: aliuacha nje ya “if”, sambamba nayo, mahali ambapo haina mamlaka.

“Hapa kuna uongo mwingine,” akasema taratibu. “Siku zangu kumi na tano zimehesabiwa kana kwamba zilikuwa kavu. Sijui kama zilikuwa kavu. Nilikuwa msibani.”

Parmuat akalitazama tena jedwali la ukutani. “Vituo vyote vikipitishwa humo,” akasema, “mimi nitashuka.”

“Utashuka, kaka. Ulikuwa juu kwa sababu hukukosa kupima hata siku moja. Walikuwa wanakupa lambo kwa bidii yako, siyo kwa kiu yako.”

“Nyumbani wataniuliza.”

“Utawaambia nini?”

“Kwamba mvua yao niliiandika yote, na ndiyo iliyoniangusha.” Akaisukuma kompyuta kwake. “Usogeze huo mstari.”

Akausogeza, akabonyeza. Milimita mia tano arobaini za mwaka mzima kugawanya kwa siku mia tatu na hamsini: 1.54. Kisha wakayapitisha madaftari yote kumi na manne, na vituo vikashuka na kupanda kama majemadari waliovuliwa vyeo. Baray ikawa ya pili. Ololosokwan ikawa ya tisa.

Filbert alirudi na kijiti mdomoni, akasoma kioo, akasoma tena, akakitoa kijiti.

“Nilikuwa nikingoja mmoja wenu aligundue kosa hili,” akanena kwa sauti ya ukumbi mzima. “Ilikuwa sehemu ya zoezi. Makofi ya kilo kwa mama.”

Makofi yakapigwa, barua ikachapishwa upya. Iliandikwa humo kwamba changamoto ndogo ya kiufundi ilibainiwa na mwezeshaji na kutatuliwa kwa wakati. Na cheti alichopewa Bernadina siku ya tatu, chenye nembo nne na sahihi ya mgeni rasmi, kilitolewa kwa jina la Bwana Bernard.

Kwa hiyo yaandikwe hapa, kwa kuwa kule hayakuandikwa. Jumatano ile, saa tisa na dakika arobaini na moja alasiri, mbele ya mashahidi kumi na watatu na mlima wa makombo ya sambusa, Bernadina wa Baray alikibonyeza mara nne kitufe kirefu kuliko vyote, kile cha kuacha nafasi, mstari mmoja ukasogea kwenda kulia upana wa kucha, na kata yake ikapata mvua ile ile iliyonyesha, isizidi, isipungue.