Kelele za Uwanja Mtupu

Jumapili, tarehe 2 Machi

Pa. Pa. Pa. Mlio huo umenikaa masikioni tangu jana. Dakika ya sabini na mbili, winga wetu anatoka akichechemea, uwanja kimya kama chumba cha mtihani, na mahali fulani mtu mmoja anapiga makofi. Taratibu. Kwa heshima. Nikasimama kumtafuta. Shabiki wa kweli! Nilitaka kumshika mkono. Nilitaka kumuuliza maswali kumi na mawili.

Kumbe ni Mkata Nyasi, anakung'uta udongo wa viatu vyake ukutani.

Waliohudhuria: ishirini na watatu. Nimewahesabu mwenyewe langoni kwa kile kidude changu cha kubonyeza. Ishirini na wanne ukimhesabu mbwa. Sikumhesabu. Nina shahada ya takwimu, na nina misimamo.

Uwanja una nafasi elfu nne.

Niandike wazi, kwa kuwa hapa hapana msomaji: hao elfu nne siwahitaji wote. Namhitaji mmoja. Mstari wa saba, nafasi ya kumi na nne, chini ya ile saa kubwa mbovu. Hapo alikuwa akikaa Baba. Mimi ya kumi na tano. Tulianza miguu yangu ikining'inia bila kufika chini. Mama alitushonea mito miwili ya kijani ya kukalia, maana saruji ile huchoma. Baba ni fundi saa, na kila msimu aliapa atapanda kuitengeneza ile saa, na kila msimu mechi ikaanza kabla hajapanda.

Msimu huu hajakanyaga uwanjani. Aliacha Agosti, mwezi uleule nilipoajiriwa na klabu kuwa Afisa wa Mashabiki. Sadfa tu. Takwimu zimejaa sadfa.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Katibu wa klabu kaniita. Anataka kujua kwa nini watu hawaji. Nikamwambia jambo hilo linahitaji utafiti. Akasema utafiti hauwezi kupiga kelele, yeye anataka watu, na mechi ni Jumamosi. Halafu akaniomba nifunge mlango nikitoka, upepo unapeperusha karatasi.

Ofisi yangu ni stoo ya nyavu na mipira. Tangu Januari ameingia mtu mmoja. Alikuwa anatafuta pampu.

Jioni nikamhoji Baba. Nilijifanya nauliza kikazi. Sababu zake: goti. Ngazi. Kwenye runinga unaona goli mara tatu. Jua. Mvua. Choo cha uwanjani. Marefa. Na wachezaji wa siku hizi hawajui hata kuchomekea jezi. Sababu nane! Nimeziandika zote kwa kalamu mbili, nyeusi kwa miundombinu, nyekundu kwa maadili.

Mama alikuwa anakunja nguo. Akasema nimuulize na ya tisa. Baba akamwambia, mke wangu, hebu niache. Nikamgeukia Mama, ya tisa ni ipi? Akajibu kwamba yeye si shabiki wa mpira, niulize wenye mpira wao. Nikaacha. Jibu lisiloweza kupewa namba linaharibu jedwali.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Aibu! Niandike haraka kabla sijaanza kujitetea.

Nimetunga dodoso la maswali arobaini na mawili. Nikalipeleka kwa adui mwenyewe, yaani Mwenye Banda. Banda lake la kuonyeshea mpira liko ng'ambo ya barabara, mkabala na lango letu. Mabati, mabenchi, skrini moja kubwa, timu za nchi za mbali ambazo hakuna aliyewahi kuziona kwa macho yake. Watu themanini na sita, wamejipanga kama njiti ndani ya kiberiti. Karibu mara nne ya mashabiki wangu, kwenye chumba ambacho hata dirisha hakina.

Mwenye Banda akanipokea kwa kelele. Karibu Profesa, umekuja kuwasalimia watu wako? Wapo salama, wanakula, wanalala. Watu wakacheka. Nikavumilia. Nikasimama mbele yao kuwaeleza tofauti kati ya "nakubali" na "nakubali sana".

Nyuma yangu, kwenye skrini, goli likaingia. Nililiona kwenye nyuso zao. Au tuseme, niliona nyuso za watu themanini na sita ambao hawakuliona. Mmoja akauliza kama mimi ni binti wa fundi vioo, maana ninavyosimama ni kama naamini wanaona hadi upande wa pili kupitia mwilini mwangu.

Binti wa fundi saa, nikamjibu. Ndipo nikamwona mwenyewe fundi saa. Benchi la mbele. Anatazama viatu vyake.

Na chini yake, mto wa kijani. Mto wetu! Umefundishwa kukaa kwenye benchi la watu wengine.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kofia. Kofia yake ilikuwa pembeni yake juu ya benchi, kushoto, upande wangu wa zamani. Banda limejaa, watu wamesimama mguu mmoja, na Baba anamshikia mtu nafasi. Mtu akiomba kukaa, anamwambia pana mwenyewe. Nani huyo? Tangu lini ana mwenzake wa mpira? Nitamchunguza.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Madodoso yaliyorudi: matatu kati ya themanini na sita. La kwanza limefungiwa karanga. La pili lina picha ya mbuzi, imechorwa vizuri kuliko nilivyotarajia. La tatu halikujibiwa chochote hadi swali la mwisho: "Ni kitu gani kingekurudisha uwanjani?" Hapo mtu ameandika neno moja. Watu.

Nimekaa na neno hilo asubuhi nzima kati ya nyavu. Watu hawaji kwa sababu hakuna watu! Si choo, si jua. Hakuna anayetaka kushangilia peke yake akaonekana chizi. Basi mtu apatikane wa kwanza. Na wa kwanza akikosekana, atengenezwe.

Jioni nikarudi bandani. Safari hii nikasimama nyuma kabisa, simu ndani ya pochi, imewashwa inarekodi. Nikasubiri goli saa nzima kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina. Likaingia! Sekunde arobaini za ghasia safi. Mabati yenyewe yalitikisika.

Nimeisikiliza ofisini. Katikati ya zile kelele ipo sauti moja inayozipita zote, imepasuka kidogo: Kushoto! Mpe kushoto! Ilikuwa ikipigwa karibu na sikio langu la kulia miaka kumi na sita. Naijua hata usingizini.

Nimeirudia mara sita. Kupima ubora wa sauti.

Huyo wa kwenye kofia hakutokea tena. Nilimvizia hadi mwisho. Nafasi imebaki na kofia tu. Ni mtu asiye na adabu, anashikiwa nafasi na haji.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku yenyewe. Nimepanda chumba cha mtangazaji juu ya jukwaa. Mtangazaji alipunguzwa kazini mwaka juzi, kwa hiyo chumba ni changu na cha njiwa. Spika nne kwenye paa, mbili nimezielekeza uwanjani, mbili barabarani. Kazi ya kuhesabu nimemwachia mlinzi wa lango, kidude nimemkabidhi kwa sherehe ndogo.

Saa kumi kamili, mpira ukaanza. Nikabonyeza.

Mungu wangu! Uwanja ulinguruma. Njiwa wote walitoka. Kipa wetu alipiga magoti, nadhani alifikiri ni tetemeko. Watu wachache waliokuwa jukwaani wakageuka nyuma, wakageuka kushoto, wakatazamana. Mmoja akainama kuangalia chini ya miguu yake.

Mpango ulikuwa kila baada ya dakika nne. Kasoro: mpira haufuati dakika nne. Umati wangu ulishangilia kwa nguvu zote beki akifunga kamba ya kiatu. Ukashangilia machela ikiingia. Dakika ya thelathini na mbili wageni walitufunga, na elfu nne zangu zikalipuka kwa furaha. Nahodha wetu akatazama juu dirishani kwangu, akafungua mikono. Nikampungia.

Lakini niseme kweli. Kila dakika nne, juu ya saruji tupu, ile sauti: Kushoto! Mpe kushoto! Ikitoka kwenye paa, ikienda hadi goli la mbali, ikirudi. Kipindi cha pili niliacha kutazama saa. Nilikuwa nabonyeza tu. Ni mara ya kwanza tangu Agosti nimekuwa kwenye mechi na Baba.

Tumefungwa mbili bila.

Waliohudhuria: kumi na mmoja.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mlinzi wa lango amenifuata nyumbani na kidude chake. Anasema tatizo si kukosa watu. Watu walikuja! Makundi kwa makundi, kutoka bandani kabisa, hata Mwenye Banda aliacha skrini yake inaongea peke yake akaja kuchungulia. Wakafika langoni, wakasikiliza, wakatikisa vichwa. Wakasema kumejaa, tutasimama wapi? Wakarudi. Mlinzi aliwaambia ndani hamna mtu. Wakamwambia, wewe mzee unatuona watoto, masikio tunayo.

Kwa makadirio yake, mia tatu. Nimezuia watu mia tatu kuingia uwanjani kwa kelele za watu themanini na sita.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Mchana Mama akaniita jikoni, akafunga mlango, akaniambia, mwanangu, jana baba yako alikwenda.

Wapi?

Uwanjani. Alipiga pasi shati, anasema Mama. Alibeba mto wake, na wangu pia akautoa kabatini. Alishuka kilima chote na lile goti. Akafika langoni, akasimama muda, akarudi. Mama akamuuliza vipi. Akasema kumejaa. Halafu akakaa, akavua viatu, akasema: tena kuna mtu humo ndani anapiga kelele kama mimi, mule mule tunapokaa. Nikaona nafasi yangu imeshapata mwenyewe.

Niliosha kikombe kimoja kwa muda mrefu sana.

Mama alikuwa bado anaongea. Sababu ya tisa, anasema, ndiyo hiyo hiyo ya kofia. Kofia ile inawekwa kila siku na hajawahi kukaa mtu. Nikamuuliza, sasa anamshikia nani? Mama akanitazama kama anayetazama mtu aliyesomeshwa bure. Akaniambia nikaoshe na sufuria.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimezungumza na Baba uso kwa uso. Alikuwa kwenye meza yake, amefungua saa ya mkononi ya mtu, lenzi jichoni. Nikakiri yote: simu, pochi, spika. Nikamwambia yule mpiga kelele alikuwa yeye mwenyewe.

Alikaza skrubu moja. Halafu akaanza kucheka, mabega tu, maana akitikisa mkono vigurudumu vinaruka. Akasema, basi mimi nina sauti mbaya hivyo na hamjaniambia. Akasema kipa wenu anasimama vibaya, hata kwa kusikiliza tu kutoka langoni alijua. Akaniambia Jumamosi hii atakuja tena. Kwa sharti nisimzibie njia na umati.

Atakuja! Nilikaribia kumwaga saa yote ya mteja.

Kisha akauliza, bila kutoa lenzi, mimi nitakaa wapi. Nikamweleza: juu, chumba cha mtangazaji. Naona uwanja mzima kutoka kule, nitamwona hata yeye vizuri.

Akasema aa. Akarudi kwenye saa yake.

Ameridhika. Nimepata usingizi mzuri kwa mara ya kwanza wiki hii.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimepitia data zote na kosa liko wazi: umati ulikuwa mkubwa mno. Umati wa kuita watu unatakiwa uwe wa wastani, wenye mapengo. Nimeshatengeneza mpya. Nimepunguza sauti kwa theluthi mbili, nimekata "mpe kushoto" ili Baba asijisikie amenyang'anywa nafasi, na katikati nimeweka sauti yangu mwenyewe, laini, ikisema karibuni, nafasi bado zipo. Nimeongeza spika ya tano. Katibu amesaini bila kusoma, ndivyo ninavyopenda afanye.

Nimefikiria pia suala la kofia. Mama ana haki, si vizuri mzee wa goti kukaa peke yake mstari mzima. Upungufu huo nimeushughulikia. Nimezungumza na Mkata Nyasi, naye amekubali kukaa nafasi ya kumi na tano dakika zote tisini. Alisita. Aliuliza, Dada Afisa, kwani wewe huna nafasi? Nikamwambia nina kazi.

Maelekezo nimempa kwa maandishi, ukurasa mmoja. Akae kushoto kwa mzee. Akilaumu refa, amuunge mkono. Akiitaja saa mbovu, amuulize atapanda lini kuitengeneza. Makofi apige kwa mikono, si kwa viatu.

Mto wangu wa kijani nimeshampelekea asubuhi hii. Aliukalia, akanesanesa, akasema ni mzuri. Baba hatagundua tofauti.