Alhamisi Jibu ni C

Jumatatu, 4 Novemba

Muujiza. Sina neno jingine.

Miaka ishirini na moja nafundisha takwimu hapa chuoni Nyegezi. Kila nikimaliza mada nauliza, mmeelewa? Wanaitikia ndiyo, paa linatikisika, nami nakwenda kunywa chai. Leo nikawaambia watoe simu, zile zile nilizokuwa nikiwafukuza nazo darasani. Swali likatokea ukutani: sangara tisa wa kilo moja moja, wa kumi ana kilo tisini, je, wastani unasema kweli kuhusu samaki hawa? Bonyeza A, B au C.

Watu mia na themanini wakainama kama wako kwenye sala. Nguzo za majibu zikaanza kuota ukutani, nyekundu, kijani, zinapanda, zinapanda! Hakuna aliyefungua mdomo, na kila mmoja amesema. Nilisimama na chaki yangu kama mtu aliyeonyeshwa ziwa kwa mara ya kwanza.

Kisha nikasoma. Waliopata: kumi na wanne.

Nikauliza kwa mdomo, mmeelewa? Ndiyo! Paa likatikisika.

Jumanne, 5 Novemba

Pigo. Mkuu wa kitivo, Mama Wilhelmina, kesho kutwa atakaa nyuma darasani kwangu. Baada ya hapo ataamua nani apewe mwaka wa kwanza muhula ujao: mimi au Dokta Evelina. Nikilikosa darasa hili, nabaki kupanga ratiba za mitihani mpaka nistaafu.

Evelina nilimfundisha mimi mwenyewe! Sasa ana udaktari, na kompyuta nyembamba kama chapati. Hata hizi kura za simu kanionyesha yeye. Leo kaniamkia shikamoo kwa heshima zote. Marahaba yangu ilipitia kwenye meno.

Jumatano, 6 Novemba

Mpango! Nimemwita Elias, kiongozi wa darasa. Atume ujumbe kwenye grupu lao: kesho, kila swali, jibu ni C.

“Swali lolote, Mwalimu?”

“Lolote. Msihangaike hata kusoma.”

Akauliza kwa upole kama isingekuwa heri niwarudishie tu ile mada ya sangara. Vijana wanapenda njia ndefu. Nimeshinda ofisini nikipanga maswali yangu, jibu sahihi likae C.

Alhamisi, 7 Novemba

Swali la kwanza: nguzo ya C mpaka juu. La pili, vivyo hivyo. La tano, Mama Wilhelmina kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Evelina, aliyekuja naye, kaacha kuandika. Hata mimi nilisahau kwamba ni njama yangu. Darasa zima linajua takwimu! Machozi yalinilengalenga.

Hapo Mama Wilhelmina akasimama. Akasema amefurahi mno, naye angependa kujaribu. Akaandika swali lake polepole, kwa kidole kimoja:

Nani awafundishe muhula ujao? A: Mwalimu Owiti. B: Yeyote. C: Dokta Evelina.

Nikakohoa. Nikamkonyeza Elias. Naye akanikonyeza, akaniinulia dole gumba.

Nguzo ikapanda. Kwa kweli ni kitu kizuri kukitazama, hata kikikuua.

C: 180. A: 1.

Ijumaa, 8 Novemba

Ratiba za mitihani zimefika mezani. Mafaili matatu.

Mama Wilhelmina alipita kunipa pole. “Usivunjike moyo, Mwalimu. Yupo mmoja aliyesimama na wewe.” Nikainamisha macho. Darasa lina watu mia na themanini, hakuhesabu. Simu yangu nikaisukuma ndani zaidi mfukoni.

Elias naye alikuja. Shikamoo, marahaba. Akasema maelekezo yamefuatwa, hata mmoja hakukosea. Na nilipofikiri vizuri, nilishangaa. Watu mia na themanini, kwa neno langu moja! Tangu nianze kazi sijawahi kutiiwa hivi.

Jumatatu kikao cha walimu kitapiga kura kwa simu, nani hasa apewe hizi ratiba. Maswali anaandaa Dokta Evelina. Nimeshapita mlango kwa mlango, nimewanong'oneza wote: swali lolote, jibu ni A.