Malalamiko Kuhusu Marehemu Mke Wangu, Anayeonekana Lakini Hayupo

Mtaa wa Mọ́kọ́lá,
Ìbàdàn.

Kwa Mkuu wa Mitambo, Redio ya Mtaa.

Bwana Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima. Mashine zako sikuziombea.

Jumamosi hii unatimia mwaka tangu mke wangu Àyọ̀ká atutoke. Sauti yake imebaki katika wimbo mmoja tu, nanyi mliahidi kuurusha hewani siku hiyo. Binti yangu aliwaletea faili lenye jina la mama yake. Kisha fundi wenu Kúnmi akanipigia: "Baba, jina tunaliona, lakini tukifungua, mashine inasema faili halipo. Kompyuta ya dada imeweka herufi kivyake na alama zake za juu na chini kivyake. Yetu inataka zilizoungana. Kwa macho ni jina moja, kwa mashine ni mawili."

Malalamiko yangu:

1. Nikija ofisini kwako nimevaa kofia, kesho nije nimeishika mkononi, je, utasema umepokea wazee wawili?

2. Kúnmi alipoliandika jina mwenyewe, mashine ikafungua faili jipya, tupu. Sasa wamo Àyọ̀ká wawili bega kwa bega: mmoja ana sauti na hafunguki, mwingine anafunguka na ni bubu. Mimi nilioa mke mmoja, na kanisani wanajua.

3. Kúnmi akanishauri, "Tuzivue tu hizo alama, Baba, yaishe." Yaishe! Mwanamke ambaye hakwenda hata kununua pilipili bila kilemba, avuliwe kilemba siku ya kumbukumbu yake? Nilikasirika, na bado nimekasirika.

4. Kwa hiyo naomba mashine iletwe nyumbani, ilale kifudifudi mbele ya ukoo na kuomba radhi. Kama ni ile ya kukunjwa, haitapata taabu. Ifundishwe kwamba mtu ni yuleyule, umwite utakavyomwita. Hata mtoto mchanga analijua hilo.

Wasalimie wote hapo, Kúnmi pia, na yule mama anayesoma matangazo ya vifo.

Wako, mume wa mke mmoja,
Látúndé Ọdẹ́yalé

N.B. Nimechelewa kuifunga barua kwa sababu mkwe wangu, mama wa mume wa binti yangu, alikuja kumchukua mjukuu wetu. "Mọ́ńjọlá yuko wapi?" Hilo ni jina walilompa wao. Mimi nilimwita Yétúndé, yaani 'mama amerudi', maana kwetu bibi aliyekufa hurudi katika mjukuu. Nikamjibu kwa adabu kwamba humu hakuna mtu wa jina hilo. Mtoto alikuwa mapajani mwangu, anakunywa uji. "Baba, si huyo hapo namwona!" Nikamwambia kumwona anamwona, lakini hayupo.