Mafuta Kidogo Tu

Jumapili, 5 Mei 1957

Nywele zimelala tena. Asubuhi nilizichana juu, zikasimama vizuri mpaka wimbo wa pili kanisani. Wa tatu, chali! Zikanata kichwani kama ugali uliomwagiwa mchuzi. Mimi, Elam Khisa, karani wa vifurushi stesheni ya Nakuru, mwenye nywele za kujikunja ambazo landi nzima, nyumba zote za wafanyakazi wa reli, ilikuwa ikizisifu!

Na zimechagua wakati gani? Huu. Baada ya ibada Nekoye ameniambia kwamba baba yake mdogo, Mzee Munialo, anafika Jumamosi kwa gari moshi kutoka Kitale. Baba yake mzazi alishafariki, kwa hiyo mzee huyu ndiye mwenye neno. Atakula chakula cha mchana kwa Mama Tabitha, dada yake Nekoye, hapo mstari wa pili wa nyumba zetu. Atanitazama, kisha aseme ndiyo au hapana. Akisema hapana, Nekoye anaacha kazi yake ya kiwandani na kurudi naye nyumbani, ambako kuna mwalimu ameshaleta maneno ya posa. Mwalimu! Tangu lini walimu wakawa na nywele?

Sina wasiwasi. Nekoye alinipenda kwa ajili ya nywele hizi hizi. Siku alipokuja dirishani kuchukua kifurushi nilikuwa nimenyeshewa, kichwani sina hata tone la mafuta, naye akasema nywele zangu zinacheka zenyewe. Nikawaza: kama zinacheka bila mafuta, zikipata mafuta si zitaimba? Ndipo nilipoanza vaselini.

Mpango: kuongeza vaselini.

Jumatatu, 6 Mei

Vaselini peke yake haitoshi. Nimebuni mchanganyiko wangu mwenyewe. Vaselini, mafuta ya nazi kutoka duka la Mhindi, samli kiasi, na kipande cha mshumaa cha kuzisimamisha. Nimeupika kwenye sufuria ya chai. Umeganda vizuri sana. Harufu si mbaya, ila paka wa jirani amenisindikiza mpaka kazini.

Zilisimama, haki ya Mungu! Asubuhi yote. Halafu jua la saa sita likapiga bati la ofisi na mshumaa ukakumbuka kazi yake ya zamani. Stesheni masta ameuliza kwa nini risiti za leo zinang'aa. Nimemwambia ni karatasi mpya.

Jioni nilipiga vaselini juu yake. Jani likinyauka hunyweshwa, halikaushwi. Mtoto wa shule anajua hayo.

Jumatano, 8 Mei

Odero ananichosha. Huyu ni jirani yangu wa ukuta mmoja, mtia makaa kwenye injini, mtu wa kelele. Nywele zake zimesimama kama mkate uliotoka tanuri, na hapaki kitu! Leo jioni alinipita bombani akaniuliza kama nimevaa kofia ya ngozi. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, ili waone sijali.

Lakini nimemchunguza. Kila jioni anarudi mweusi kwa masizi. Anajimwagia maji, anajipaka sabuni kichwa kizima, anasuuza, anaondoka. Nusu saa baadaye nywele ziko juu. Nimelifikiria jambo hili kwa makini, nikapata ukweli wake. Siri ni makaa! Moshi wa makaa unazitia nguvu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeenda kwenye injini ya kupanga mabehewa, nikasimama karibu na bomba la moshi kwa adabu zote, kofia mkononi. Aliyekuwa juu ni Odero. Akaachilia mvuke.

Masizi yote ya Nakuru yamenasa kichwani mwangu. Hayatoki kwa kitana. Kitana chenyewe hakitoki.

Nekoye alipita baada ya kazi akanikuta nimekaa mlangoni. Hakucheka, na hilo lilinitia hofu zaidi. Akachukua kipande cha gazeti kuukuu, akakibandika utosini mwangu, akakiinua kwenye mwanga. Kikawa kama kioo. Tuliweza kumwona paka upande wa pili. Akasema, unaona? Nywele zako hazina kiu, Elam, zimelewa. Zimebeba mzigo mpaka zimepiga magoti. Zioshe kwa maji moto na sabuni, mara mbili, mara tatu, kisha uziache hivyo hivyo.

Maskini Nekoye. Moyo mzuri, lakini kazi yake ni kukausha maua ya pareto, anataka kukausha kila kitu. Akaniambia pia ananiomba sana, kwa sababu hataki kwenda kwa yule mwalimu. Alisema hivyo akitazama chini. Moyo wangu ulitaka kupasuka kwa furaha. Nikamwahidi kwamba Jumamosi mafuta yote yatakuwa yametoka.

Sikusema yatatoka kwa njia gani.

Ijumaa, 10 Mei

Asiyekubali kushindwa si mshindani! Nimepata dawa, na imenijia yenyewe kwa lori.

Thuo, taniboi, yaani msaidizi wa dereva, wa lori la Kariandusi, ameleta magunia ya ule unga mweupe wanaouchimba kule karibu na Elmenteita. Mwepesi kama majivu. Gunia moja lilipasuka gudi shedi, ghalani mwetu mwa mizigo, kando ya mahali palipomwagika dizeli. Thuo akausukuma unga juu ya dizeli kwa ufagio. Ukanywa yote! Sakafu kavu! Nimemuuliza kama unakunywa na samli. Akanitazama kichwa, akasema unga huo unakunywa chochote, lakini yeye asingefanya hicho ninachokifikiria.

Watu wa lori hawana ndoto. Nimechota unga kujaza mkebe mtupu wa kakao.

Maji moto na sabuni, nani ana muda? Kesho asubuhi napaka unga, unakunywa mafuta, nakung'uta, kwisha.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika nikiwa safi kabisa kichwani, na nitaeleza kwa nini.

Unga ulikunywa. Sikatai. Nywele ziliinuka kidogo, zikawa kavu. Kilichobaki ni kukung'uta. Nikakung'uta. Nikakung'uta tena mpaka shingo ikauma. Haukutoka. Ulikuwa umeshikana na samli, mshumaa na masizi, na kichwa changu kizima kilikuwa cheupe, chenye rangi ya kijivu kwenye masikio. Salaale! Babu yangu mzaa baba alikuwa akinitazama kwenye kioo.

Muda ulikuwa umekwisha. Nikavaa koti kubwa jeusi nililoazima kwa mzee wa kanisa, nikavaa kofia, nikaenda.

Mzee Munialo alikuwa ameshaketi. Chumba kimejaa moshi wa jiko na macho yake yana ukungu kidogo. Nikavua kofia kwa heshima, nikiwa nimesahau kabisa kilichokuwa chini yake.

Mzee akasimama. Alisimama kwa ajili yangu! Akanipa mikono miwili, akaniachia kiti chenye mito, akaniita ndugu yangu. Akasema amefurahi kuona kijana Khisa amemtuma mzee wake kwanza, hiyo ndiyo adabu, vijana wa mjini wengine huja wenyewe mikono mifukoni.

Ningesema ukweli hapo hapo. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nikawaza, ni lini tena mwanaume atapata nafasi ya kujisifu bila kuonekana anajisifu? Nikasema kijana amecheleweshwa na kazi. Nikasema nimemlea mwenyewe. Kijana mwerevu, mpole, stesheni haiwezi kusimama bila yeye, na nywele zake ni za ajabu. Mama Tabitha alipaliwa na chai akatoka nje. Mzee alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mambo yalikuwa yakienda vizuri kuliko nilivyopanga!

Halafu akaniuliza mimi ni wa rika gani, nilitahiriwa mwaka upi.

Sisi Wabukusu swali hilo halikwepeki. Rika langu halisi ni vijana watupu. Kwa hiyo nikauliza kwa ujanja, wewe je, mzee? Akataja lake. Nikasema, lo, hata mimi! Mwaka ule ule!

Mzee akaruka kutoka kitini, akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Machozi yakamtoka. Akasema basi tumemaliza, hakuna tena mgeni hapa, tulimwaga damu mwaka mmoja. Akaita kwa sauti: Nekoye, njoo umsalimie baba yako! Kisha akanieleza, kana kwamba sijui, kwamba binti wa mwanarika wako ni binti yako wa kumzaa, na hata mbingu zikianguka huwezi kumwoa.

Nilijua. Nilikuwa nimelisahau hilo kwa dakika moja tu, ile ile nilipolihitaji.

Nekoye akaja na kuku. Akanitazama kichwa, akanitazama koti, akaelewa yote. Angeweza kuniokoa. Badala yake akainama, akasema mulembe, baba, na akanipakulia firigisi, ile ya mwenye mji. Macho yake yalikuwa yanawaka. Niliila. Ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo.

Lakini mchuzi ulikuwa unafuka moshi usoni mwangu, na koti lile ni zito, na jasho lilikuwa limeanza. Tone la kwanza lilishuka puani. La pili likaingia kwenye sahani ya mzee. Likafuata lingine, jeupe, zito, kama uji wa mtoto. Mzee Munialo akaacha kula. Akanisogelea mpaka pua zetu zikakaribiana, akanifuta paji la uso kwa kidole gumba, akakinusa. Akasema neno moja. Samli.

Nikapiga magoti nikasema yote. Nilianza na vaselini nikamalizia na Kariandusi. Nikasema mimi ndiye kijana. Nikasema hakuna mzee yeyote niliyemtuma, na kwamba nikimkosa Nekoye sijui nitaishi vipi. Hapo sikuwa nikiigiza.

Mzee akasema mtu anayedanganya rika hustahili fimbo, kwao angeshaipata. Akasema pia fimbo haipigi kitu isichokijua, kwa hiyo aonyeshwe kwanza kilicho chini ya uji ule.

Nekoye akanipeleka bombani na karai la maji moto na kipande kizima cha sabuni. Landi yote ilitoka kutazama. Mara ya kwanza sabuni haikutoa povu hata kidogo, maji yalitoka kama ya kuoshea sufuria ya pilau. Mara ya pili povu la kijivu. Mara ya tatu likawa jeupe, likajaa. Akakamulia ndimu, akasuuza. Hakuwa mpole na kucha zake. Odero ndiye aliyenipa taulo, na hakusema neno, jambo ambalo sitamsamehe.

Nikakaa juani. Hakuna aliyegusa kitu, hata kitana. Baada ya muda nikahisi kitu kinanitekenya utosini. Msokoto mmoja umeinuka. Wa pili. Zikaanza kujikunja zenyewe, moja moja, nyepesi, mpaka kichwa kizima kikafura. Nekoye akashika kiuno akasema, ndizo hizi, ndizo nilizoziona siku ya kifurushi. Na hasira ikamtoka, nikaiona inatoka.

Mzee Munialo akaja akatia vidole humo ndani. Akasema, kumbe kuna kijana hapa.

Kisha akatoa neno lake. Nije na baba yangu wa kweli Jumapili ya kwanza ya Juni, yeye atakuwepo, tuanze mazungumzo. Lakini kichwa kiwe hivi hivi. Akikuta humo kitu chochote kilichotoka mkebeni, atajua nimerudi katika rika lake, na Nekoye atakuwa binti yangu mpaka kufa. Nekoye akaongeza kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Sijui alikuwa akimsema nani.

Jumapili, 12 Mei

Nimefika mpaka wimbo wa mwisho nywele zikiwa juu! Nekoye alikaa safu ya mbele yangu akageuka kutazama. Mara nyingi. Mwalimu ameandikiwa ashike njia yake. Nimempungia Odero mkono kwa upole. Dunia ni nzuri.

Jumapili, 2 Juni

Siku yenyewe. Baba alifika jana kutoka nyumbani, anakunywa chai. Tunatarajiwa mstari wa pili sasa hivi.

Nimekuwa nikifikiria. Watu wote wanasema sabuni ndiyo iliyoniponya. Si kweli. Sabuni inaosha tu. Nywele ziliinuka siku ile kwa sababu zilikuwa zimelishwa mafuta wiki nzima, zikashiba, zikapata nguvu. Tangu hapo hazijala. Huwezi kumpeleka mtu kuposa akiwa na nywele zenye njaa.

Kwa hiyo asubuhi hii nimezipa vaselini. Kidogo tu, kama punje ya mtama. Upande wa kulia ukang'aa vizuri, ikabidi nisawazishe wa kushoto. Kisha wa kulia ukaonekana umepungukiwa.

Zimelala kidogo. Nasema ukweli, zimelala zote.

Baba ananiita, anasema Mzee Munialo amesimama mlangoni kwa Mama Tabitha akitutazamia. Nekoye yuko kando yake, amevaa gauni la bluu. Hakuna muda wa kuchemsha maji.

Lakini mimi si mtu wa kuhangaika. Chini ya kitanda bado ninao mkebe wa kakao, na unga umebaki nusu.